Mikono Mia Nne ya Kushoto

Jumatano asubuhi niliingia karakanani nikakuta kila mtu ana kazi. Hapo tu ningepaswa kushtuka, maana sijawahi kukuta kila mtu ana kazi pale kwangu hata siku moja. Mama Vifungo, ambaye kazi yake ni vifungo na matundu yake, alikuwa anapangusa cherehani aliyoipangusa jana yake. Mkasi, mkata vitambaa wetu, alikuwa anapanga mabaki ya vitambaa kwa rangi. Dada yangu mkubwa, anayepiga pasi, alikuwa anainyoosha aproni yake mwenyewe. Wale mafundi wanne wa cherehani wameinamisha vichwa, wanatia mafuta mashine ambazo hazikuwa zimelalamika.

Mimi nilikuwa hoi. Tulikuwa tunadaiwa sare mia mbili za wauguzi kufikia Ijumaa, na Matroni wa hospitali alishaniambia, kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba tukichelewa tena atatafuta karakana nyingine. Hospitali ile ndiyo mteja mkubwa pekee aliyebaki. Akiondoka, nafunga mlango na watu saba wanakwenda kukaa nyumbani, na mimi wa nane. Sikumwambia mtu. Niliwahi kuhudhuria semina ya wafanyabiashara, tukagawiwa kalamu na chupa za maji, tukaambiwa kiongozi haonyeshi woga. Nikajikaza kisabuni miezi mitatu. Kalamu yenyewe iliacha kuandika wiki ileile.

Nikaenda kwenye bomba la kutundikia nguo, nikavuta sare moja. Ina kola, ina mfuko, ina mkono wa kushoto. Wa kulia hauna. Nikavuta ya pili, vilevile. Nikapita bomba zima, sare mia mbili, kila moja na mkono mmoja.

"Mikono ya kulia iko wapi?" nikauliza.

Vichwa vikazidi kuinama.

"Nauliza ukuta?"

Mkasi akaenda kwenye rafu, akarudi na mafungu ya mikono aliyoyafunga kwa utepe, akayaweka mezani. Nikafungua moja. Kushoto. Nikafungua jingine. Kushoto. Kitambaa kile kina uso na mgongo, uso ni buluu iliyokolea, mgongo umepauka, kwa hiyo huwezi kuugeuza mkono wa kushoto ukawa wa kulia. Kila mtu anayeshika mkasi analijua hilo.

Nikafoka. Sina la kujitetea, mimi nikiogopa nafoka, hata marehemu mama alikuwa akinisema. Nilimwita Mkasi majina ambayo siyarudii hapa. Nikawauliza wale wanne kama macho yao waliyaacha nyumbani. Nikasema kuna mtu atanieleza leo ni nani aliyefanya upuuzi huu, na asiponieleza wote watakwenda.

Mkasi aligeuka. Alifungua droo, akatoa ile karatasi kubwa ya kukatia, iliyochorwa vipande vyote vya sare, akaitandaza mbele yangu na kurudi nyuma hatua mbili. Hizo hatua mbili ziliniuma zaidi ya maneno yoyote ambayo angesema.

Mchoro ulikuwa wangu. Karakana yetu ina utaratibu mmoja niliouweka mwenyewe: hakuna kinachokatwa mpaka nitie alama yangu ya chaki kwenye karatasi, na nikishatia, mjadala umekwisha. Wiki iliyopita kitambaa kilikuwa kinatubana, nikakaa na rula mpaka macho yakaniwasha, nikivisogeza vipande ili viingie vyote. Nilipochora mkono wa pili nikasahau kuugeuza. Na alama yangu ile pale kwenye kona.

"Uliona wakati unakata?" nikamuuliza Mkasi.

"Niliona, bosi."

"Ukakata?"

"Ulikuwa umeshatia alama."

Nikamgeukia Mama Vifungo. Na yeye aliona Jumatatu. Mafundi waliona walipomaliza kushona mikono ya upande mmoja na kukosa ya upande wa pili. Wakajitafutia shughuli nyingine, siku mbili nzima, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme.

"Mwaka jana," Mama Vifungo akasema taratibu, akiwa anatazama kitambaa chake cha kupangusia, "yule binti wa zipu alikwambia zipu ni fupi. Ukamwambia kama anajua sana akafungue karakana yake. Mbele ya wateja. Na zipu zilikuwa fupi."

Nilikumbuka. Yule binti alichukua pochi yake akaondoka palepale, na mimi nikasema afadhali.

Nikamtazama dada. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni, aliyenifundisha kuvaa viatu. Watu wengine sawa, nawalipa mshahara. Lakini yeye?

"Na wewe uliona?"

"Niliona."

"Dada, ungenipigia simu tu."

"Nilishika simu mara tatu," akasema. "Nikakuogopa, mdogo wangu."

Nikakaa kwenye kiti cha fundi mmojawapo. Nilitamani kulia, na niliona aibu kulia mbele yao, halafu nikachoka hata na hiyo aibu. Nikatoa simu, nikaiweka mezani, nikabonyeza spika na kumpigia Matroni.

Walisikia kila kitu. Walisikia sauti yangu ikitetemeka nilipomwambia kosa ni langu, nimechora vibaya, Ijumaa sitaweza. Akauliza naweza ngapi. Nikamtazama Mkasi. Akakiangalia kitambaa kilichobaki kwenye jora, akaninyooshea vidole kumi, kisha viwili. Mia na ishirini, nikasema, themanini Jumatano ijayo kikija kitambaa kipya. Upande wa pili nikasikia mtu anasukuma kitoroli.

"Lete hizo mia na ishirini," Matroni akasema. "Zilizobaki nitakungoja. Oda inayofuata siahidi kitu."

Akakata.

"Basi mmesikia," nikawaambia. "Akituacha, tunafunga. Nimelificha tangu mwezi wa pili. Nilidhani nikisema mtakimbia wote. Naogopa, nisiwadanganye. Naogopa kila siku nikiweka ufunguo mlangoni."

"Tulijua," Mkasi akasema. "Majora ya kitambaa yalikuwa kumi, yakawa manne. Mimi ndiye ninayeyabeba, bosi."

Mtu mmoja akacheka kidogo, kwa pua, nami ikabidi nicheke. Miezi mitatu ya kujikaza, kumbe nilikuwa namficha mwanamume aliyebeba ushahidi begani. Kicheko kile kikanipa ujasiri wa kijinga.

"Kama kuna aliyepata kazi kwingine, aniambie sasa," nikasema. "Sitafoka."

Dada akaisimamisha pasi, akanyoosha mkono.

Hasira ilinipanda mpaka kooni, ileile ninayoijua, yenye maneno tayari. Nimekutoa wapi, nani alikupa kazi mumeo alipofariki. Yote yalikuwa pale kwenye ulimi. Na nikawaona wengine, wote sita, wananitazama mimi, hawamtazami yeye.

"Wapi?" nikauliza.

"Hotelini. Kwenye chumba cha kufulia."

"Unaanza lini?"

"Tarehe moja."

Nikayameza yale maneno, moja moja, na yalikuwa mengi.

"Asante kwa kuniambia, dada," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaishika pasi, lakini hakupiga kitu. Mkasi alikuwa ameshatandaza kitambaa cha mikono ya kulia.