Hesabu ya Mzee Zuberi

Uliiona ile video. Usijifanye hukuiona. Ilikuja kwenye simu yako asubuhi, katikati ya tangazo la msiba na bei ya kabichi. Mzee mwenye mvi, koti la kijani limechanika begani, amebeba majani ya ng'ombe kichwani, anapita mbele ya kijiwe cha bodaboda. Sauti inaita, "Mgosi! Hesabu!" Mgosi ni mwanaume, kwa Kisambaa. Mzee anautupa mzigo, anachuchumaa katikati ya barabara, mikono juu ya magoti, kichwa chini, anasubiri. Halafu vicheko. Sekunde kumi na tisa. Uliitazama mara mbili, ukawatumia wengine, ukaenda kunywa chai. Hukuuliza yule ni baba wa nani. Ulijua ukiuliza utajibiwa, na ukishajibiwa utatakiwa ufanye kitu. Ukageuza uso. Kazi hiyo unaiweza kuliko zote.

Usijione uko peke yako. Yusta naye alicheka, na Yusta ndiye aliyekuwa akilipwa mshahara asicheke.

Alikuwa mnasihi. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu waliotoka gerezani karibuni, kuwasikiliza, kuwasaidia kurudi kuwa watu miongoni mwa watu. Mradi uliomwajiri ulimfundisha kwa siku tano kwenye ukumbi wenye mapazia mazito, wakala kuku kila mchana, akarudi Lushoto na cheti pamoja na mfuko wa nguo wenye maandishi. Kwenye mafunzo hayo alifundishwa kuweka viti viwili vinavyotazamana. Mwaka mzima aliviweka, na mwaka mzima watu walikaa, wakajibu "ndiyo" na "hapana", wakaondoka. Waliomfundisha hawakuwa na habari kwamba mtu wa milimani hasemi la moyoni akikodolewa macho. Kwake viti viwili vinavyotazamana ni polisi.

Basi Yusta akavitoa viti. Chumba chake kilikuwa stoo ya viazi nyuma ya usharika, na ndani yake akatandika mkeka, akaweka gunia la njegere na mabeseni mawili. Mama lishe wa sokoni walimletea njegere, yeye akazirudisha zimemenywa. Anayekuja anakaa ubavuni kwake, macho kwenye njegere, mikono ina kazi. Hapo ndipo maneno yalipoanza kutoka, yakidondoka pamoja na punje.

Mzee Zuberi alikuja Alhamisi ya mvua. Hakuingia. Alichuchumaa mlangoni, maji yakimtiririka mgongoni.

"Shikamoo, afande."

Miaka sitini na mitatu, anamwamkia mwanamke wa arobaini na moja. Yusta akafungua mdomo kumjibu, akaliona lile koti. Kijani. Limechanika begani. Uso ukamwaka. Siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu video ifike kwenye kundi la kwaya, naye, kwaya nzima ikiona, alikuwa ameweka chini yake vile vikatuni vitatu vinavyolia kwa kicheko.

"Mimi si afande, mzee. Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

Mzee hakuitika. Alingoja kama anayeogopa mtego.

Ilichukua Alhamisi mbili kumtoa mlangoni hadi kwenye mkeka. Ya tatu Yusta akamuuliza anataka nini. Si mradi unataka nini; yeye.

"Binti yangu Salama anaolewa mwezi ujao," Zuberi alisema, akipasua ganda kwa kucha. "Kijana ni wa Zirai huko, analima iliki. Mimi nataka nimwoze mwenyewe. Nikae mkekani, nimshike kijana mkono, niseme nimekuoza binti yangu. Basi. Nikishasema hilo, hata mkinirudisha ndani."

"Nani anakuzuia? Si wewe ndiye baba?"

"Mdogo wangu Rajabu anataka nimpe uwakala, aoze yeye. Anasema, kaka, watu watakuja na simu zao. Mtu akiita tu, utachuchumaa mbele ya wakwe. Utamwaibisha mtoto." Akatupa ganda pembeni. "Na kweli nitachuchumaa. Miaka tisa gerezani, asubuhi na jioni, askari akiita hesabu tunachuchumaa tuhesabiwe. Magoti hayaniulizi."

Sasa sikia alifungiwa nini, maana kijijini kwao wanasimulia kana kwamba alishuka tu siku moja kutoka mwezini akaua mtu. Kijiji hakitatajwa hapa, wenyewe wanajijua. Kulikuwa na kiangazi, na mfereji wa maji ya kabichi ulikuwa wa zamu. Jirani yake Danieli, rafiki yake wa tangu shule, akafungua maji siku isiyo yake. Wakagombana. Watu arobaini wakajaa pale kwenye mfereji, wala hakuna aliyewaamua. Walikuwa wakipiga kelele: mpige, mpige, unamwogopa? Zuberi akapiga mara moja, kwa mpini wa jembe. Danieli akaanguka, kichwa kikakutana na jiwe la mfereji. Polisi walipofika, watu arobaini hawakuwa wameona kitu. Arobaini wote walipofuka siku moja, na hakuna zahanati iliyoandika habari za ugonjwa huo. Upofu ukawatoka Zuberi alipotoka gerezani, wakamwona vizuri kabisa, wakaanza kumrekodi.

Yusta akapanga dawa yake, nayo haikuwemo kwenye cheti. Alimwekea Zuberi beseni la njegere mapajani, wakawa wanamenya, wanaongea habari za ng'ombe, na katikati ya mazungumzo Yusta anasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeomba chumvi, "Hesabu."

Mara ya kwanza beseni liliruka hadi mlangoni. Mzee alikuwa amechuchumaa kabla njegere hazijamaliza kubiringika. Wakaziokota wote wawili, moja moja. Alhamisi iliyofuata vilevile. Halafu akawa anashtuka tu, nusu ya beseni inamwagika. Halafu robo.

Siku moja, wakiwa wanaokota, Yusta alishindwa kujizuia.

"Mzee Zuberi, ile video niliicheka. Kabla sijakujua."

"Najua."

"Unajua?"

"Walinionyesha kijiweni, kwenye simu ya mwanakwaya mmoja, ili nione nilivyopendwa. Katika waliocheka, jina lako ni la nne kutoka juu." Akaipuliza njegere vumbi, akaitia kwenye beseni. "Ndiyo maana nilikuja kwako. Nilitaka kuona kama utasema."

Yusta alilia pale pale, na mzee akaendelea kumenya bila kumtazama, maana ndivyo alivyofundishwa kwenye mkeka ule. Walipoagana jioni hiyo Yusta alisema shikamoo, na mzee, baada ya muda mrefu wa kutosha mtu kuvaa viatu, akasema, "Marahaba."

Ijumaa ya ndoa uwanja ulijaa. Mikeka ilitandikwa mbele ya nyumba ya Zuberi, wanaume na kanzu zao na makoti juu kwa baridi, wanawake upande wa jikoni. Yusta alijitanda khanga, akapewa kisu na vitunguu saumu, akakaa karibu na Eliza, mjane wa Danieli. Ndiyo, Eliza alikuwepo. Mwenye haki ya kususa alikuja. Wasio na haki yoyote walikuja kuangalia kituko. Hata Paskali wa bodaboda, aliyeirekodi ile video, alikuwa amejibanza kwenye ukuta akingojea pilau, simu mkononi.

Shehe akauliza walii, mwenye kuoza, yuko wapi. Zuberi akainuka barazani, akashuka ngazi ya kwanza, ya pili. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na lile koti la kijani juu yake. Akatembea vizuri. Yusta alikuwa anazihesabu hatua kama vile mwenyewe ndiye anayetembea. Saba. Nane.

"Mgosi! Hesabu!"

Sauti ilitoka ukutani. Magoti yakakatika. Mzee akachuchumaa katikati ya uwanja, mikono juu ya magoti, kichwa chini. Vijana ukutani wakaangua kicheko, wazee wakaanza kuzikagua kucha zao. Dirishani, Salama alijifunika uso kwa mtandio. Rajabu alikuwa tayari amesimama, anainyoosha kanzu.

"Shehe, tuendelee. Si nilisema? Nitaoza mimi."

Yusta alitaka kupiga kelele, na katika zile siku tano za mapazia hakukumbuka neno hata moja la kupigia kelele.

"Kaa chini, Rajabu," Zuberi alisema, kichwa bado kiko chini. Hakupaza sauti. "Hesabu imeitwa. Hesabu ikishaitwa haivunjwi mpaka iishe. Mmeiita wenyewe."

"Kaka, tafadhali—"

"Wa kwanza, mimi. Nilimpiga Danieli, akafa. Nimekaa miaka tisa, nimetoka. Wa pili, Rajabu. Ulinivua koti ukanishikia, ukasema, kaka, litakubana mkono. Ukalivaa miaka tisa, ukanirudishia limechanika. Ni hili. Wa tatu, Paskali, kaa vizuri, usikimbie. Ulikuwa na miaka kumi na minne, uko juu ya mparachichi, unapiga mluzi. Wewe nakusamehe nusu. Wa nne, shehe wangu, ulipita na baiskeli, ukaona, ukasema unawahi adhuhuri. Wa tano..."

Akaenda hivyo. Hakutukana mtu. Alimtaja kila mtu kwa jina, mahali aliposimama na neno alilolisema, kwa sauti ileile ya askari anayesoma orodha. Miaka tisa alikuwa akiirudia usiku ili asiipoteze. Kila aliyetajwa alishusha uso, na ambaye bado hajatajwa alishusha wake mapema. Alipofika wa kumi na saba, shehe akainua mkono.

"Mzee Zuberi, yatosha. Njoo mkekani umwoze mwanao."

"Siwezi kusimama, shehe. Magoti yamekataa. Kijana na aje hapa."

Bwana harusi akamtazama baba yake. Baba yake akatazama pembeni, kama wewe. Kijana akainuka mwenyewe, akavua viatu, akaja akachuchumaa mbele ya mzee, goti kwa goti, akampa mkono. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Ndoa ikafungwa hapo hapo, juu ya udongo, wanaume wawili wakiwa wamechuchumaa na shehe amewainamia. Zuberi aliyasema maneno yake yote, wala sauti haikumkatika.

Uwanjani palikuwa na simu zaidi ya hamsini. Hakuna iliyorekodi.

"Hajanitaja mimi," Eliza alisema polepole, akimenya kitunguu. "Mimi ndiye niliyemtuma Danieli akafungue maji. Nilimwambia, wewe mwanaume gani, kabichi zinakauka." Yusta hakumtazama. Alimsogezea sahani ya vitunguu, akamwambia kwake kuna njegere kila Alhamisi.

Alhamisi Zuberi alikuja. Yusta alimwamkia, naye akaitika papo hapo. Akakaa, akaweka beseni mapajani.

"Niite."

"Hesabu."

Mwili ukamtikisika kuanzia mabegani hadi miguuni. Akabaki amekaa. Wakazihesabu zilizodondoka. Tatu.

Umefurahi? Umepata hadithi yako, mzee ameoza, sasa unatafuta chai. Subiri. Yusta ana watu kumi na mmoja na mkeka mmoja, na mradi unaisha Desemba kwa sababu wenye mapazia wamepata jambo jipya la kufundishana. Jumamosi hii, basi la kwanza kutoka bondeni, anashuka Clemence kwenye stendi ya Lushoto, miaka sita ndani, mfuko mmoja wa plastiki mkononi. Atachuchumaa mbele ya kondakta na kumwita afande, na mtu atatoa simu.

Wewe una simu. Ifungue sasa hivi, siyo baadaye. Ifute ile video. Waandikie wote uliowatumia, uwaambie yule ni Zuberi, baba yake Salama, na kwamba ulicheka. Halafu Jumamosi uwe stendi kabla basi halijafika, uwe wa kwanza kumwamkia, umpokee ule mfuko, na usiuachie hadi mlangoni kwake.

Bado umekaa. Inuka.