Ukuta Mkavu wa Mama Getruda

Wazee wa Mbulu walijenga kwa kuchimba. Walikata mteremko, wakaiingiza nyumba ndani ya ardhi, wakaiezeka kwa udongo, hata mvamizi aliyepita juu yake asijue kuwa amekanyaga paa la watu. Vita vya wavamizi hao vilikwisha, na nyumba nyingi za namna hiyo zikabomoka. Hata hivyo marehemu Tomaso alikitunza chumba kimoja cha baba zake, na mwanawe Yonas alipojenga nyumba ya matofali aliijenga juu ya chumba hicho, akaviunganisha kwa ngazi fupi. Humo chini alilala mama yake, Getruda, wala hakutaka kulala pengine.

Adha ya chumba hicho ilikuwa maji. Kila masika yalipenya katika ukuta wa nyuma, ule uliozuia mlima, yakatambaa sakafuni, yakatoka chini ya mlango unaotazama bondeni. Getruda aliweka kitanda juu ya matofali, akavaa soksi mbili mbili, na magoti yake yakavimba. Yonas aliyatazama magoti hayo akaona haya. Tena, tangu tope la mlima Hanang lilipowafunika watu kule Jorodom, hakuweza kusikia mvua ikianza bila kuacha alilokuwa akilifanya.

Akamwita fundi Vicent kutoka Katesh. Vicent aliukwangua ukuta, akapiga lipu nzito yenye dawa ya kuzuia maji, akamalizia kwa niru, uji laini wa saruji, mpaka ukang'aa.

"Tuliza roho, mzee," alisema akinawa mikono. "Hapa hata jasho halipiti."

Na kweli halikupita. Mvua zilipoanza, ukuta ulibaki mkavu. Getruda alivua soksi, akatandika mkeka sakafuni, akawa anawaita majirani waje kuupapasa ukuta wake. Yonas alimshukuru Mungu, na kwa muda mfupi akawa mtu anayelala usingizi.

Kisha ikaja juma ambalo mvua haikupumzika. Alasiri moja Yonas alikuwa uani akifunga kuni, mara akasikia sauti ya Loveness, jirani yake wa upande wa chini, akipanda njia huku amejifunika mfuko wa mbolea kichwani.

"Kaka Yonas! Umetufungia bomba?"

"Bomba gani, dada?"

"Maji ya mama! Si ndiyo yanayojaza hori la ndama wangu kila masika? Mwaka huu mbingu zinamwagika na hori limekauka. Au mmeanza kuuza maji kama watu wa mjini?"

Yonas alicheka. Alicheka kwa adabu tu, kama mtu anavyomchekea jirani mtani, kisha akaacha. Aliutazama mteremko ulio juu ya nyumba yake, jinsi ulivyolowa, jinsi majani yalivyolala. Maji hayo yote yalikuwa yakishuka. Kwenye hori hayakufika, na chumbani hayakuonekana. Basi yalikuwa wapi?

Aliacha kuni zikianguka, akashuka ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema kama umefukuzwa?"

Aliweka kiganja ukutani: mkavu. Akaweka sikio: kimya. Na ukavu huo uliokuwa furaha yake sasa ukamtisha, kwa maana alifahamu kuwa nyuma ya niru ile, kimo cha mtu au zaidi, mlima ulikuwa umesimama na maji yake, unaegemea. Kitanda cha mama yake kiligusa ukuta huo.

Akampigia Vicent simu.

"Ukuta unavuja?" aliuliza fundi.

"Hauvuji."

"Sasa mzee, unalia nini? Usiuguse. Ukitoboa usinilaumu."

Yonas alikata simu, akamgeukia mama yake. "Mama, twende juu. Mvua ikipita utarudi."

"Siendi."

"Mama, maji yamejaa nyuma ya ukuta."

"Yakae huko huko! Miaka yote nimelala na maji kama mke mwenza. Leo ameondoka, unataka nimfuate kumrudisha? Magoti yameacha kuniuma, Yonas. Niache nikauke."

Alitaka kumbeba. Alipomkaribia, mama alimtazama, na mikono ikamwanguka; mtu anayetolewa mle kwa kubebwa huwa ni maiti, nao wote wawili walikumbuka jinsi Tomaso alivyotolewa. Basi akaenda kuchukua nyundo na tindo. Akapiga magoti pembeni ya kitanda, akaielekeza tindo chini kabisa, juu kidogo ya sakafu.

"Baba yako hakunipa chumba kikavu," alisema Getruda taratibu. "Wewe umenipa. Na wewe unaninyang'anya?"

Yonas alilitaja jina la Mungu, akapiga. Lipu ya Vicent ilikuwa ngumu. Akapiga tena na tena, machozi na jasho vikichanganyika. Mara tindo ikamponyoka mkononi, na maji mekundu, manene kama mkono wa mtu, yakamrukia kifuani. Mkeka ukaelea. Mama yake alisimama, akakunja kanga yake, akapita katika maji hayo na kupanda ngazi bila kushika mkono wa mtu.

Maji yalitoka mpaka giza likaingia, na bado yakatoka.

Kulipopambazuka majirani walikuja kwa ujima, wakachimba mtaro wa kina juu ya nyumba, ili maji yapitie kando kabla ya kuufikia ukuta. Ukuta ulisimama. Haukupasuka, haukupinda. Getruda alilazwa chumba cha juu, chenye dirisha na jua, akala, akasali, lakini hakumsemesha mwanawe.

Jumapili, baada ya kanisa, alisimama kwenye ngazi akitazama chini.

"Ukuta umesimama, Yonas."

"Umesimama, mama."

"Basi haukuwa na nia ya kuanguka."

Yonas alitafuta la kumwonyesha: ufa, jiwe lililosogea, chochote. Hakikuwapo.

"Huenda, mama."

"Nirudishie kitanda changu."

"Hapana, mama."

Maishani mwake hakuwahi kumwambia neno hilo. Getruda aligeuka, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Juu ya bati mvua ilianza tena, na Yonas, akiwa bado na nguo za kanisani, akachukua jembe akaenda kuutazama mtaro.