Jina la Bibi Ursula Lilivyowaka

Frida alikuwa fundi, tusimnyime haki yake. Wenzake pale Ifakara waliandika majina juu ya picha mradi yasomeke tu, yeye aliyawasha. Kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka aliandika jina kwa rangi nyeupe, akalirudufu, la chini akalipaka bluu na kulififisha kingo mpaka likatoa mwanga kama taa za baa. Kwaya zilimjua, maharusi walimjua. Basi bibi yake mzaa mama, Bibi Ursula, alipokaribia kutimiza miaka themanini, na jumuiya ikapanga misa ya shukrani Jumamosi, nani mwingine angetengeneza tangazo?

Shida ya maandishi yale ni kwamba hayawaki mahali peupe. Frida akaifuta migomba yote iliyokuwa nyuma ya bibi, akaweka weusi mtupu. Chini ya uso akaandika URSULA, likawaka vizuri ajabu. Chini yake akaweka 1945 – 2025, watu wajihesabie wenyewe ile themanini. Kisha: Misa, Jumamosi, saa nne asubuhi. Akalitazama, akajipongeza, akalirusha kwenye kundi la ukoo na kwenda kuanika mpunga.

Aliporudi simu ilikuwa imejaa. Apumzike kwa amani. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Mjomba wa Mlimba aliandika kwamba yuko njiani. Frida akalifungua tangazo. Akaiangalia kazi yake upya, safari hii kwa macho ya watu, akaona walichokiona: bibi kizee kwenye giza, mwaka na mwaka, kistari katikati, na misa. Nani asingelia? Ee Mungu wangu, nimemuua bibi, akajisemea, na bibi mwenyewe alikuwa uani anapeta mchele.

Alifuta, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tangazo lilikuwa limeshafika makundi mengine manne. Akaandika kote: ni mzima jamani, ni mzima. Mjomba akageuza. Wengine walimtukana, naye akashukuru hata matusi, maana aliyetukana ameelewa. Bibi Ursula alipoelezwa akaweka ungo chini, akauliza swali moja tu.

"Na Balbina amesikia?"

Balbina ni dada yake mkubwa, anaishi Mchombe, na ana presha ambayo mwaka juzi ilimlaza hospitali wiki mbili. Mjukuu anayekaa naye alikuwemo kwenye kundi, na alikuwa ameliona tangazo kabla halijafutwa. Baada ya hapo simu yake ilizimwa. Frida akaomba namba ya Balbina mwenyewe. Bibi akaileta kwenye daftari kuukuu, nayo haikupatikana. Frida hakungoja. Akakimbilia bodaboda.

Njia nzima hakuona mashamba wala watu. Alisali Salamu Maria akizichanganya, anarudia mwanzo, anapotea tena. Kama amekufa, nitamwambia nini bibi? Kwamba herufi zilipendeza?

Alipofika Mchombe alisikia vilio hata kabla pikipiki haijazimwa. Uani akina mama wamejaa, mikeka imetandikwa, na Frida akajua kwamba amechelewa. Akapenya katikati yao, na pale kati akamkuta Balbina mwenyewe, kitenge kiunoni, macho yamevimba, anaongoza kilio cha mdogo wake.

Frida alisahau hata shikamoo. Alipiga simu Ifakara, akawasha spika, akamsogezea mzee.

"Dada, ni mimi Ursula. Sijafa."

Vilio vikakatika. Balbina aliweka mkono kifuani, akafumba macho, na Frida akaukodolea macho ule mkono, akiomba usianguke. Haukuanguka. Mzee alipumua mara moja, mara ya pili, halafu akaichukua simu mwenyewe, akaishika kwa mikono miwili.

"Miaka sita hujanipigia, Ursula," akasema. "Mpaka ufe?"