Kioo cha Ubavuni

...lipi sasa, lipi, binti wa watu kauliza swali jepesi tu, la kioo upande mmoja au hili la pande mbili, na Kasiani kalisikia vizuri, masikio yake hayana ubovu wowote, ila swali lenyewe si geni kwake, alishaulizwa, siku thelathini na tisa zilizopita, kwenye banda la seremala karibu na hospitali, mzee wangu, lenye kioo au la kawaida, na siku ile alijibu kabla seremala hajafunga mdomo, la kioo, weka kioo, watu wamwone uso, halafu leo mbele ya meza ya duka hili la kompyuta hapa Chikongola ulimi umemgomea, kasimama tu, gunia lake la salfeti liko chini katikati ya miguu, na ndani ya salfeti mna lile sanduku tupu la kompyuta, jeusi, la chuma, alilokuja kulibadilisha, na mvua nayo inalipiga bati kama ina ugomvi nalo, na Ines anamsubiri kwa adabu, kitambaa cha kufutia vumbi mkononi.

"Hakuna haraka, baba," anasema Ines. "Angalia taratibu. Yote mawili vifaa vya Faraja vinaenea."

Vya Faraja, kasema vya Faraja, hakusema vya marehemu, na Kasiani anataka kumshukuru kwa hilo, maana nyumbani Chuno jina limefichwa, kila mtu marehemu, nguo za marehemu, viatu vya marehemu, utadhani marehemu ni mgeni fulani aliyepita akasahau mizigo, huyu Ines angalau alikaa na bintiye miaka miwili kwenye meza hii hii, yeye anafungua simu za watu, Faraja anakata video za harusi na kipaimara, anajua alivyocheka, anajua alivyokuwa akiuma kifuniko cha kalamu, anajua mengi kuliko baba mtu, na hilo linauma... na kesho ndiyo arobaini, dada yake Modesta kashafika tangu jana kutoka Nanyamba na kapu lake na sauti yake, ndiye shangazi mkubwa, ndiye mwenye kugawa vitu vya marehemu, ndivyo inavyokwenda, hakuna wa kumpinga, kanga kwa huyu, viatu kwa yule, na jana hiyo hiyo kaingia chumbani kwa Faraja, kakuta maboksi sita yamepangwa juu ya kabati, kafungua moja baada ya jingine, lo, Nnungu wangu, vidude hivi ni vya nini, haya, vizuri, watoto wa ndugu wapo sita, kila mmoja atachukua kimoja awe na ukumbusho, na Kasiani akiwa mlangoni akaona kabisa, yaani akaona kwa macho, mazabodi, lile bamba kuu la kompyuta, inakwenda Mpapura kuwekwa juu ya redio, feni ya rangi inakwenda Nanyamba kuchezewa mpaka ivunjike, kadi ya picha inapotelea kusikojulikana, akiba ya mtoto ya mwaka mzima na nusu, kimoja kimoja, kila kimoja kilikuja na basi kutoka Dar na kila kimoja alikifuata stendi mwenyewe, akakifungua, akakiangalia, akakirudisha kwenye boksi lake akisubiri sanduku la kuvikusanya viwe kompyuta moja... vinagawanywa kama nyama ya sikukuu! Akataka kusema, dada, hivyo si vitu sita, hicho ni kitu kimoja. Hakusema. Modesta angemjibu, kimoja kiko wapi, nionyeshe. Na kweli, angemwonyesha nini.

Ndiyo maana leo asubuhi kaingia chumbani kama mwizi, kachomoa sanduku la chuma chini ya kitanda, kalitia kwenye salfeti, na Yustina, mama yake Faraja, kamkuta ukumbini, kamtazama mume wake juu mpaka chini, kasema neno moja tu, umechelewa, kisha kaenda kuchagua mchele. Umechelewa. Hata hakupandisha sauti.

"Hili la pande mbili ndilo wanalipenda vijana," Ines anasema, anaupitisha mkono mbele ya kioo. "Mbele kioo, ubavuni kioo. Ukiwasha, feni zote unaziona zinazunguka. Kama tangi la samaki."

Tangi la samaki, ndivyo alivyosema Faraja naye, maneno yale yale, siku ile alipomsogezea simu mezani wakati wa chai, baba ona, hili, ona linavyowaka, na Kasiani kavaa miwani, kaangalia, kacheka, alicheka kwelikweli, akasema tumbo la mashine unaliweka hadharani kwa nini, hata kuku tunampasulia uani, na vumbi hili, na chumvi hii ya baharini inayokula mpaka misumari, kitu cha thamani kinafunikwa, mama yako hapo kaifunika televisheni kitambaa, redio kitambaa, mpaka chupa ya chai ina kitambaa, wewe unataka kuonyesha watu nyaya! Na mtoto akacheka naye, akasema lakini baba, ukitengeneza kitu vizuri si unataka kionekane. Basi. Hakubishana. Hakuwa mtoto wa kubishana, na Kasiani akadhani kashinda, akamwahidi, msimu wa korosho ukifunguliwa sanduku nitakununulia mimi, na msimu ukafunguliwa, na akanunua, ahadi katimiza, nani aseme hakutimiza, ila akanunua alilolitaka yeye, jeusi, zito, limefungwa pande zote, imara kama kasha la benki, akalibeba begani kutoka stendi mpaka nyumbani akijisikia baba kweli, akalitua sebuleni, na Faraja akalizunguka, akaligusa juu, akaligusa ubavuni, akanyamaza kidogo... kidogo tu, pumzi moja... akasema, zuri, baba, asante sana.

Zuri baba asante sana, na akalisukumia chini ya kitanda, na wiki ikapita, na ya pili, na maboksi sita yako pale pale juu ya kabati, hajafunga hata skrubu moja, na hapo ndipo Kasiani alipofanya upumbavu wake, hapo hasa, akasusa! Mtu mzima wa miaka hamsini na sita alimsusia mtoto, akasema moyoni, kumbe ananionyesha dharau, kwa kuwa si la kioo basi halifai, sawa, tutaona nani atamwanza mwenzake, na ikawa shikamoo baba, marahaba, basi, anapita, chakula anakula, magazeti anasoma, mwezi wa kumi na mbili wote, Krismasi wamekaa meza moja na pilau katikati na hakumwambia neno ila pitisha kachumbari, na mwezi wa kwanza pia, na mtoto akaanza kulala mchana, akitoka dukani analala, na baba huyu huyu akapita mlangoni akasema kwa sauti ili asikike, nyumba hii siku hizi ina paka wa kulala, na mtoto akasikia, lazima alisikia, mlango ulikuwa wazi, na miguu ikavimba, akasema ni viatu, na yeye kwa kuwa kasusa hakuuliza viatu gani.

Na kazi yake ni nini, muulize kazi yake ni nini, tena mbele za watu! Miaka thelathini na moja anapima ubora wa korosho kwenye maghala, anachoma gunia kwa bambo, zinamwagika korosho mkononi, anazikata katikati moja moja kwa kisu, anaangalia ndani, hii nzima, hii imeoza, hii imenyauka, na wakulima wanamwambia bwana mpimaji, mbona kwa nje safi, na yeye huwajibu kwa majivuno yake, kwa nje zote safi, ndugu yangu, mimi silipwi kuangalia nje. Hajawahi kukosea shehena. Bandarini wanamjua, Kasiani akishakata hakuna wa kurudia, korosho ya watu wote kaijua ndani, ya Nanyamba, ya Mpapura, ya Kitaya, na mtoto anayelala chumba cha pili kamwangalia ganda tu, akaona kiburi, na ndani moyo ulikuwa unatanuka, ndivyo alivyosema daktari mwezi wa pili siku ile ya mwisho, akanyanyua picha kwenye mwanga, moyo umetanuka, mzee, hili ni la siku nyingi, hakuwahi kulalamika kuchoka? Kuchoka... alilala mchana, daktari. Alilala mchana na mimi nikamwita paka.

Halafu seremala. Lenye kioo au la kawaida. La kioo, fundi, weka kioo kizuri, na akakiona kioo chenyewe kanisani, kipande kidogo tu juu ya uso, na watu wakapita mmoja mmoja kuinama na kuangalia, na zamu yake ilipofika aliinama, akaona pumzi yake mwenyewe imetia ukungu kwenye kioo, akakifuta kwa kiganja, ukungu ukarudi, akafuta tena, mpaka Yustina akamshika mkono, na pale pale kanisani ndipo lilipomjia, ee Mungu, kioo nilichomnyima mtoto nimempa leo... akiwa hana macho ya kukionea, na tangu siku ile hajafumba jicho vizuri, mpaka asubuhi hii aliposema basi, nitanunua, nitanunua lile alilolitaka, nitaviweka vyote sita ndani, kesho Modesta atakuta kitu kimoja kinawaka sebuleni na hakigawanyiki, na mimi nitakuwa nimelipa. Ndiyo, alitumia neno hilo, nimelipa. Anamdanganya nani?

"Basi hili la zamani nilipokee, baba, nikiliangalia kama halina kasoro nitakupunguzia," Ines anasema, na bila kusubiri kazunguka meza, kainama, katoa sanduku jeusi kwenye salfeti kwa mikono miwili, kalilaza juu ya meza, skrubu mbili za nyuma kazifungua kwa vidole tu, zilikuwa hazijakazwa, mtu alishazifungua, na Kasiani analiona hilo lakini akili haijaliwahi, bati la ubavuni linateleza, linatoka, Ines analigeuza, anainama kulitazama kwa karibu.

"Nini?" anauliza Kasiani. "Lina kutu?"

"Hapana, baba."

"Basi nini?"

"Nilidhani alikuonyesha." Anamsogezea bati. Sauti yake imeshuka. "Alikuja kuniomba msumeno wa bati mwezi wa kumi na mbili. Kioo alishaelewana na Issa, yule fundi wa madirisha hapo jirani, kipande kilichobaki kwenye kazi. Nikamwambia lete nikukatie sasa hivi. Akakataa. Akasema hili kaninunulia baba, siwezi kutoboa kitu cha baba kabla sijamwomba. Akasema baba siku hizi amekasirika, ngoja hasira zipoe."

Kasiani anavaa miwani, inamchukua muda, mkono mmoja wa miwani hautaki kukaa sikioni, na ndani ya bati, upande ule ambao ungetazama vifaa, mna mistari ya penseli, minne, imenyooka, kapiga kwa rula, pembeni kaandika vipimo kwa namba zake zile ndogo ndogo, na chini ya mistari kwa mwandiko ambao Kasiani aliutia sahihi kwenye madaftari ya shule miaka na miaka, maneno machache, mistari miwili. Kata hapa. Na chini yake. Kwanza muombe baba.

Kwanza muombe baba... mwezi wa kumi na mbili, wakati yeye anapitishiwa kachumbari, mtoto alikuwa amekaa upande wa pili wa pilau na ombi mdomoni, anamwangalia usoni kama leo zimepoa, hazijapoa, kesho, hazijapoa, na yeye anasubiri aanzwe, na mtoto anasubiri apoe, wamesubiriana, Mungu wangu, wamesubiriana kwenye meza moja, kumbe sanduku hakulidharau, kumbe hakutaka jingine, angeweza kulibadilisha siku ile ile na hakulibadilisha, alilitaka hili hili, la baba, zito, baya, la chuma, na dirisha moja ubavuni, basi, na neno lenyewe lilikuwa dogo, lingemchukua Kasiani pumzi moja, kata tu mama, kuna nini, hata sukari ya chai isingeyeyuka, na hakuna duka hapa Mtwara wala Dar wala popote linalouza pumzi ile, wala haya makasha mawili yanayong'aa hayawezi kulipa kitu, alikuja kumnunulia mtoto alichokitaka na mtoto hakukitaka, alikuwa anakitaka kitu kingine kabisa na kilikuwa bure.

Ines kanyanyua kitambaa, anataka kulifuta vumbi lile bati, kazoea tu, mkono unakwenda wenyewe.

"Usifute!"

Kapiga kelele, amejisikia, Ines karudisha mkono kifuani, na mvua bado iko pale pale juu ya paa, na yale makasha mawili yako pale pale mezani yanasubiri, na Kasiani anakipeleka kidole kwenye mstari wa kwanza, polepole, asije akaufifisha, anaufuata mpaka kona, anapinda, wa pili, mpaka kona, mkono aliokatia korosho miaka thelathini na moja unakwenda kama wa mtu aliyeshika kisu kwa mara ya kwanza, wa tatu, na Ines taratibu, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mwingine, anauliza tena, baba, sasa tuchukue lipi, na Kasiani hamtazami, kidole kiko kwenye mstari wa nne, anajisikia tu akisema, tena kwa sauti, kata, mwanangu, kata, baba amekubali.