Milimita Tatu

Chadia wa mtaa wa Kamalondo alikuwa amependa, tena amependa vibaya. Aliyempagawisha alikuwa msumeno wa meza, mwekundu, mpya kabisa, katikati ya duka la Anaclet. Anaclet akibonyeza kitufe, duka zima linatetemeka, na Chadia anacheka kama mtoto.

"Njo iyi!" alipaza sauti baba yake, mzee Mahamudu, seremala aliyemfundisha kazi. "Avenue yote itasikia!"

Lakini hawakuja kutafuta kelele, walikuja kununua mashine ya kazi. Mama Germaine wa duka la dawa alikuwa ameagiza droo arobaini, na sharti lake halikuwa na huruma: ikikwama moja, zote zinarudi, na kazi anapewa fundi mwingine. Chadia alilijua hilo vizuri. Mapenzi tu ndiyo yaliyomsahaulisha kwa dakika tano.

Hapo umeme ukakatika.

Ule mwekundu ukawa meza ya chuma tu. Anaclet alibaki na tabasamu lake tu, maana sifa zote alikuwa ameziachia injini. Chadia akatoa lipstiki kwenye mkoba, akatia alama jino moja la msumeno. Akafunga gide, ile reli inayouongoza ubao, akapima kutoka kwenye jino mpaka kwenye gide. Kisha akauzungusha msumeno kwa mkono, jino lilelile likafika nyuma, akapima tena.

"Baba, nyuma inapunguka milimeta tatu."

Akafungua gide, akaifunga upya. Sasa mbili. Akarudia. Nne!

"Milimeta tatu njo nini?" mzee alinuna.

"Njo tiruwari yote, droo yote arobaini, kurudi kwetu, Baba!"

Pembeni, nyuma ya makopo ya rangi, kulikuwa na msumeno mwingine wa meza, mtumba, wa kijivu, umebonyea ubavuni. Gide yake ilijibana mbele na nyuma. Chadia alipima mara tano, na mara tano kipimo hakikuyumba hata kidogo. Akaanza kucheka peke yake.

"Lakini nilishaambia bantu yote asema mashine iko rouge!" mzee alilalamika, macho kwenye ule mwekundu.

Umeme uliporudi, Chadia aliupasua ubao wa mulombwa katikati kwa ule wa kijivu, akageuza kipande kimoja, akaviweka viwili kingo kwa kingo. Mzee akavielekeza mlangoni atafute mwanga kati yake. Alifumba jicho la kulia, akafumba la kushoto, hakuona hata uzi wa mwanga, kisha akamrukia Anaclet na kumkumbatia.

"Funga iyi ya kijivu, mutoto yangu! Funga mbiyo!"

Wiki mbili baadaye, katika duka lake la dawa, Mama Germaine alizisukuma droo moja moja kwa kidole kimoja. Mzee alihesabu kwa sauti, Chadia amebana pumzi. Ya arobaini ikaingia taratibu, bila kelele. Chadia alipiga kigelegele mpaka wapita njia wakachungulia. Wateja wakimngoja na karatasi zao za daktari, Mama Germaine alirudi kwenye droo ya kwanza na kuanza upya, kwa raha zake tu.