Uwanja wa Chumvi Usio na Kwato

Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuvuka bonde, na Mbuke bado anageuka nyuma kutazama moshi wa kijiji. Mumewe, Maige, alitangulia, fimbo begani, anapiga mluzi. Ukame ulikuwa umemaliza majani yote upande wa Shinyanga, na walichobaki nacho duniani ni kundi lile tu. Walikuwa wakilipeleka Rwamgasa kwa mkwe wao, Donatus, mume wa binti yao Nyamizi. Mgodi ulikuwa umefunguliwa huko, na watu wa kambini walinunua maziwa kama wenye wazimu.

"Mwaka huu tunaezeka bati, Mama Nyamizi."

"Tufike kwanza. Bati halikamuliwi."

Walipokaribia, jua likiwa utosini, waliingia kwenye uwanja mpana, mweupe kama uliomwagiwa unga. Ng'ambo ya kilima mashine zilisaga mawe, du, du, du, bila kupumua. Maige akafanya kama wachungaji wote wa kwao: akachota udongo kidogo, akauweka ulimini, maana mwenye kundi huonja kabla ya kundi.

"Chumvi! Ya bure, mke wangu!" Akatema, akawaita ng'ombe waje walambe.

Mbuke hakusogea. Njia nzima nzi walikuwa wamejaa machoni mwa ng'ombe, lakini pale hapakuwa na hata mmoja. Ndege hawakuwapo. Na udongo wote ule ulikuwa laini, hauna alama ya kwato.

"Baba Nyamizi, chumvi gani hii ambayo ng'ombe wa watu hawaijui?"

"Watu wa huku wamelala. Bahati yetu."

"Wamelala na mbuzi wao?"

"Wewe hata peponi ungeuliza kwanza mwenye nyumba ni nani!"

Katikati ya uwanja palikuwa na maji ya kijanikijani. Upepo ulivuma, nayo hayakutikisika. Dume jeusi lililotangulia lilikunywa, likainua kichwa kama lililoitwa jina, likaanguka bila kulia. Wengine wakalikanyaga, wakainama nao kunywa. Ndipo Mbuke alipovua shuka akaanza kuwachapa wa nyuma usoni, anapiga kelele, anawarudisha. Maige alisimama tu, anatema mate, anatema tena.

Mlinzi wa mgodi, Theonest, aliteremka kilima mbio.

"Yaacheni hayo! Ni maji ya dawa ya kuoshea dhahabu! Kibao hamkukiona?"

Kibao kilikuwapo, kwa Kiingereza.

"Ng'ombe wangu hawakupelekwa shule," Maige akasema.

Kisha akachomoa kisu. Kambini walinunua nyama pia, na ile ilikuwa bado ya moto. Mbuke akamshika mkono, akamwonyesha juu. Tai walizunguka, wakatazama mizoga, wakaenda zao.

"Tai wamekataa. Wewe unataka kuwalisha watu?"

Maige akakirudisha kisu.

Mitamba aliyoirudisha Mbuke ilifika Rwamgasa, na yenye mimba ilitupa ndama. Donatus aliacha biashara ya maziwa, akafungua duka Buseresere. Maige alitapika siku nyingi, akapona, akaajiriwa na mgodi kusukuma vigari vya tope la kumwagwa kwenye uwanja ule. Alikufa mwaka wa 1956, ngozi ya viganja imemtoka. Theonest alirudi kwao Bukoba. Mbuke alihamia Ngokolo kwa kaka yake, akalima choroko. Mgodi ulipanuka, na ule uwanja mweupe ukafika barabarani.