Mama Sindano Apanda Sitaha ya Juu

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu mbili: kazi yake na ulimi wake. Miguu yake haikuwahi kumbeba tangu utotoni. Alishona maisha yake yote kwa cherehani ya mkono, akizunguka mjini kwa kiti cha magurudumu chenye mto wa mahameli alioushona mwenyewe. Alipofunga duka, wanawe walimkatia tiketi ya safari ya mtoni katika meli ya kifahari, ile yenye mapazia ya hariri na madirisha yanayoanzia sakafuni. Tangazo lake lilisema meli hiyo imemfikiria kila msafiri.

Mwenzake wa safari alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake. Kaka mwenyewe alisingizia mgongo, ingawa nyumba nzima ilijua anaogopa maji hata yakiwa kwenye ndoo.

"Mimi nimekuja kukusukuma," wifi alisema gatini, akihema na masanduku.

"Tangu uolewe na kaka yangu unatafuta nafasi ya kunisukuma. Hapa kuna mto, wifi. Sithubutu."

Chumba alikikagua kama anavyokagua pindo la gauni. Mlango ulikuwa mpana, kitanda kilikuwa na kimo kizuri. Lakini bafu lilikuwa na kizingiti kirefu kama cha ghala.

"Hicho kinazuia maji yasitoke, mama," mhudumu alieleza.

"Hongereni. Kimenizuia na mimi nisiingie."

Mhudumu akacheka, kisha akaona aibu, akaenda kumwita seremala wa meli. Kabla ya chai ubao wa mteremko ulikuwa umepigiliwa.

Mezani kulikuwa na kasoro nyingine. Wahudumu walimzungumzia kana kwamba hayupo. "Yeye atakunywa chai au kahawa?" mmoja alimuuliza wifi.

"Wifi, mwambie yeye anasema kahawa," Mama Sindano akajibu. "Na umuulize huyu kijana kama na yeye anasikia."

Basi siku zikaenda vizuri, mto ukipita taratibu na wifi akinenepa waziwazi, hadi ilipofika zamu ya chakula cha mchana pamoja na nahodha. Kilikuwa kinaandaliwa sitaha ya juu kabisa, penye upepo na muziki. Lifti ya wageni iliishia sitaha ya kati. Kutoka hapo kulikuwa na ngazi ya shaba, nyembamba, iliyojisokota kama mkia wa kinyonga.

Mhudumu mkuu alikuja akiwa ameinamisha kichwa. "Tutakubeba, mama. Mabaharia wanne, wenye nguvu."

"Mwanangu, wanaobebwa ni maiti na maharusi. Umaiti bado, na uharusi nimeshaupita."

"Basi na mimi siendi," wifi alisema.

"Nenda! Ukarudi na habari, na mfukoni uweke chochote kisicho na mchuzi."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini alipobaki peke yake tabasamu lilimtoka. Gauni alilovaa alikuwa amelishona mahususi kwa siku hiyo, la samawati, kola yake ameitarizi kwa mkono. Akajizungusha ujiani, akisikia vicheko vikishuka kutoka juu, na moyo ukamuuma kama wa mtoto aliyefungiwa ndani.

Ndipo akamwona nahodha. Alikuwa amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Akatazama kulia, akatazama kushoto kama paka mwenye samaki, kisha akajipenyeza jikoni. Mama Sindano akamfuata. Nyuma ya majiko, ndani ya lifti ya mizigo, nahodha alikuwa ameketi juu ya gunia la vitunguu, anasugua goti.

"Nahodha," Mama Sindano akasema, "hili ndilo daraja la kwanza?"

Yule mzee akaruka, goti likamrudisha chini. "Mama, nakuomba. Wakijua sipandi ngazi watasema nimezeeka."

"Wameshasema. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe una bahati, umeumbuliwa na vitunguu. Kumbe lifti hii inafika juu?"

"Inafika."

"Na mimi nikaambiwa nibebwe! Jisogeze basi, baba."

Nahodha akamtazama, akatazama gauni, akaona haya kwelikweli. Akajiinua kwa shida, akasukuma gunia pembeni, akamkaribisha kwa mkono kama anamkaribisha ikulu.

Juu, wageni wote walikuwa wameelekea ngazini, glasi mkononi, wakimsubiri nahodha ajitokeze kwa fahari. Mlango ukafunguka nyuma yao. Wifi ndiye aliyegeuka wa kwanza, akapiga kigelegele hadi mpiga gitaa akapoteza wimbo.

Nahodha alikuwa na ganda la kitunguu begani. Angeweza kutunga uongo. Badala yake akavua kofia. "Wageni wangu, goti langu limestaafu kabla yangu. Kuna lifti, na nilikuwa naitumia peke yangu kwa siri. Mama huyu alipaswa kuonyeshwa siku ya kwanza."

 Kisha bibi mmoja mwenye mkufu wa lulu akauliza, karibu kwa kunong'ona, "Hata kwa kushukia inafaa?" Kumbe tangu asubuhi alikuwa anawaza jinsi ya kushuka ile ngazi. Mumewe akakiri kwamba naye alikuwa anaiwaza.

Mama Sindano alikaa kulia kwa nahodha, akala akasaza, akamtania kuhusu kila mkasa wa bahari aliousimulia. Kuanzia siku ile lifti ilipigwa deki, ikatandikwa zulia, na foleni yake ikawa ndefu kuliko ya lifti ya wageni. Mpishi ndiye aliyelalamika.

"Vitunguu vyangu vinasubiri zamu!" alifoka.

"Wavumilivu hula mbivu," Mama Sindano akamjibu, akaingia, na kumsogezea wifi nafasi.